Sura ya Tisa: Kwanza Njia Ifunguke

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, na halisimami mtu akifunga wala akilala. Nyongo hiyo hukusanywa na vijifereji vidogo ndani ya ini, vijifereji huungana kuwa mfereji mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na hiyo miwili hukutana chini ya ini kuwa mfereji mkuu unaopita nyuma ya kichwa cha kongosho na kumwaga kwenye utumbo mdogo. Kazi yake ni mbili. Inasaidia kusaga mafuta na kufyonza vitamini A, D, E na K, na inatoa nje taka ya chembe nyekundu za damu zilizokufa, ile rangi iitwayo bilirubini. Njia ikiziba, rangi hurudi kwenye damu. Macho huwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kinapauka kwa kukosa rangi yake ya kawaida, na ngozi inawasha kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Vitamini K isipofyonzwa, damu haigandi vizuri. Bakteria wa utumbo nao hupata maji yaliyotuama wakazaliana humo, na siku moja mgonjwa anaanza kutetemeka kwa homa kali. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliandika mwaka 1877 juu ya dalili tatu zinazokwenda pamoja katika hali hiyo: homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, na umanjano. Dalili hizo hazijabadilika tangu wakati huo, na bado zinaua.

Naanza na mabomba haya ya mwilini kwa sababu hoja ya sura hii inasimama juu yake. Saratani inayoziba njia ya nyongo huua mara mbili. Huua polepole kwa kukua na kusambaa, kama saratani nyingine zote, na huua haraka kwa kuziba. Kifo cha pili mara nyingi hufika kabla ya kile cha kwanza. Mgonjwa wa Mbagala au Bunju anayekufa wiki ya sita baada ya macho kuwa manjano, huenda hakuuawa na ukubwa wa uvimbe. Pengine uvimbe wenyewe haukuzidi yai la kware. Ameuawa na usaha uliopanda kwenye mifereji, na ini lililochoka, na figo zilizofuata nyuma yake. Kwa hiyo tunapouliza jiji la Dar es Salaam liwekeze wapi kwa wagonjwa hawa, kwenye mionzi inayoingizwa ndani ya mfereji au kwenye mpira unaoufungua, jibu langu ni kwamba mpira unatangulia, kwa mbali, na kwamba mionzi ya ndani ni tiba nzuri ambayo haina maana pale ambapo mpira haujawa huduma ya kutegemewa.

Kabla ya mpira kuna suala la kuchelewa. Macho ya manjano hayamshtui mkazi wa Temeke kama yanavyopaswa, na ana sababu zake. Selimundu iko katika familia nyingi, na mtoto mwenye selimundu huwa na macho ya manjano mara kwa mara bila njia yoyote kuziba. Malaria kali huleta umanjano. Homa ya ini huleta umanjano. Kisha kuna imani iliyoenea kwamba nyongo ikizidi mwilini ndiyo inayoleta uchovu, kichefuchefu na macho kubadilika, na tiba yake ni dawa ya kuchemsha inayomtapisha mtu mpaka atoe maji ya kijani. Mtu akishatapika anajisikia mwepesi kwa siku mbili, na wiki inapita. Tofauti inayopaswa kujulikana hadi kwenye vijiwe vya kahawa ni hii: umanjano wa chembe za damu kuvunjika haupaushi kinyesi, umanjano wa njia kuziba hukipausha. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliongeza la pili mwaka 1890: mgonjwa mwenye umanjano, ambaye kifuko chake cha nyongo kimevimba na kinapapaswa kwa mkono bila kuuma, kwa kawaida hana vijiwe. Sababu ni nyingine, na mara nyingi ni saratani. Umanjano usio na maumivu humfanya mtu asubiri, na huo ndio unaostahili haraka kuliko wote.

Saratani zenyewe ni za aina kadhaa. Kuna ya kichwa cha kongosho, inayobana mfereji kutoka nje. Kuna ya mfereji wenyewe, ikiwemo ile ya pale mifereji miwili inapokutana, ambayo Gerald Klatskin wa Yale aliieleza mwaka 1965 na mpaka leo inabeba jina lake. Kuna ya kifuko cha nyongo, na kuna tezi zilizovimba kwa saratani iliyotoka kwingine. Saratani ya mfereji imeshamiri kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako watu hula samaki wabichi wa mtoni wenye minyoo ya ini. Kwetu haiko kwa kiwango hicho. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 116 waliozibwa njia ya nyongo na ukaonyesha kwamba kwa upande wa saratani iliyoongoza ni ya kichwa cha kongosho. Zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alifariki akiwa hospitalini. Wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali mno kukatwa na kuondolewa, na upasuaji waliofanyiwa ulikuwa wa kuipitisha nyongo pembeni tu.

Njia za kufungua bila kupasua tumbo zipo mbili. Ya kwanza hupita mdomoni: kamera ndefu inashuka hadi utumbo mdogo, inatafuta tundu ambalo mfereji wa nyongo humwagia, na kupitia tundu hilo daktari anasukuma waya, kisha juu ya waya anapitisha kijibomba kiitwacho stenti. Aliyeifanya mbinu hii ijulikane ni Nib Soehendra, daktari mzaliwa wa Indonesia aliyefanya kazi Hamburg, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ya pili hupita ngozini: kwa kuongozwa na ultrasaundi na eksirei, sindano nyembamba inaingia kati ya mbavu hadi kwenye mfereji uliovimba ndani ya ini, waya unafuata, kisha mpira wenye matundu. Mpira huo ukiishia juu ya uvimbe, nyongo yote hutoka nje kwenye mfuko. Ukifaulu kuvuka uvimbe na kufika utumboni, matundu ya juu yanapokea nyongo na ya chini yanaimwaga mahali pake pa asili, na mgonjwa anaweza kufunga koki ya nje akavaa shati lake bila mfuko. Kwa uvimbe wa chini, karibu na kongosho, kamera ndiyo chaguo la kwanza. Kwa uvimbe wa juu, pale mifereji inapogawanyika, sindano mara nyingi hufika mahali ambapo kamera haifiki.

Kazi hii inataka hesabu. Si lazima kila tawi lifunguliwe. Ikifunguliwa sehemu inayohudumia nusu ya ini au zaidi, kwa kawaida umanjano hushuka. Lakini tawi lililomwagiwa dawa ya picha likaachwa bila kufunguliwa linageuka kuwa dimbwi la usaha. Ndiyo maana picha ya siti skani hutangulia sindano, na ndiyo maana daktari mwenye uzoefu huacha tawi dogo lijifie badala ya kuligusa. Hapa ujuzi wa mikono una thamani kubwa kuliko mashine, jambo ambalo wanunuzi wa mashine hulisahau kwa urahisi.

Stenti nazo si sawa. Ya plastiki ina upana wa milimita tatu na kidogo, ni rahisi, na huziba kwa utelezi na bakteria baada ya miezi mitatu hivi. Ya chuma hufunguka yenyewe hadi milimita nane au kumi na hudumu zaidi, ila bei yake iko juu mara nyingi na ikishakaa kwa kawaida haitolewi. Mpira wa ngozini nao unahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, na kati ya mabadiliko unahitaji kusafishwa kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi safi, mililita tano hadi kumi, ili usizibe. Mgonjwa ambaye nyongo yake yote inatoka nje hupoteza maji na chumvi kila siku, na asiporudishiwa kwa kunywa anakauka. Kusafisha huko na kunywesha huko havifanyiki hospitalini. Vinafanyika nyumbani, Chamazi au Mabwepande, mikononi mwa mke, binti au mdogo wa mgonjwa.

Hadi miaka michache iliyopita mjadala huu ungekuwa wa nadharia tu. Mwaka 2018 timu za madaktari wa kujitolea, wengi wao kutoka Yale na vyuo vingine vya Marekani, zilianza kufundisha tiba kwa njia ya picha katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Kufungua njia ya nyongo kwa sindano ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa zilizofundishwa. Leo wapo Watanzania wanaoifanya wenyewe. Tiba kwa kamera nayo inapatikana katika hospitali chache za jiji. Hayo ni mafanikio ya kweli, na yamekuja kwa kasi ambayo sekta nyingine zingeionea wivu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 katika Temeke peke yake na karibu milioni moja Kinondoni, katika mkoa wenye watu milioni 5.4, na huduma hii bado iko katikati ya mji na Mloganzila. Hospitali za rufaa za mkoa, Temeke na Mwananyamala, ndizo zinazompokea mgonjwa wa manjano kwanza, na ndizo zinazompokea tena usiku ule mpira unapoziba.

Sasa mionzi. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiria mashine kubwa inayomzunguka mgonjwa na kupiga kutoka nje. Mionzi ya ndani ni kitu kingine. Mpira ukishapita kwenye uvimbe, ndani yake huingizwa kijibomba chembamba, na ndani ya kijibomba mashine inasukuma waya wenye punje ya iridiamu-192 kwenye ncha yake. Punje inasimama mahali palipopangwa kwa sekunde au dakika chache, inarudi, na mashine inaifungia. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa, kwa siku tofauti. Faida yake ni umbali. Anayepika anajua kwamba mkono ukiwa juu ya jiko la mkaa unaungua, na hatua moja nyuma anaota moto tu. Mionzi nayo hupungua hivyo hivyo, kwa kipimo kinachojulikana: ukiongeza umbali kutoka kwenye punje mara mbili, nguvu inabaki kama robo. Uvimbe uliogusana na mpira unapata kipimo kikubwa, na ini, tumbo na uti wa mgongo vinapata kidogo sana. Hasara nayo inatokana na umbali huo huo. Uvimbe mnene wa kongosho, au uliosambaa mbali na ukuta wa mfereji, haufikiwi. Na utumbo mdogo, ukipata zaidi ya uwezo wake, unatoa vidonda na damu.

Niondoe hofu moja hapa. Mgonjwa aliyetibiwa kwa iridiamu haondoki nayo. Punje imerudi kwenye mashine, na anaweza kubeba mjukuu wake jioni ile ile. Ni tofauti na stenti zilizobuniwa China zenye mbegu za iodini-125, ambazo hubaki mwilini na kupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi. Kwa hizo mgonjwa hupewa masharti ya kutokaa karibu sana na watoto na wajawazito kwa muda.

Stenti hizo za iodini ndizo zilizotoa ushahidi wenye nguvu zaidi tulio nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 328 katika vituo 20 vya China, wote wakiwa na saratani iliyoziba njia na isiyoweza kukatwa. Kundi moja liliwekewa stenti ya chuma ya kawaida, jingine stenti yenye mbegu. Stenti zenye mbegu zilichelewa kuziba, na nusu ya waliowekewa waliishi zaidi ya siku 202, wakati kwa kundi la stenti ya kawaida kipimo hicho kilikuwa siku 140. Miezi miwili kwa mtu anayehesabu wiki si kitu cha kudharau. Lakini soma utafiti kwa makini na utaona kisichosemwa kwenye kichwa cha habari: makundi yote mawili yalifunguliwa njia. Hakuna aliyepewa mionzi akaachwa na umanjano. Miezi miwili ile ni nyongeza juu ya msingi ambao wagonjwa wote 328 walikuwa nao, na msingi huo ndio unaokosekana kwa mgonjwa wetu wa Mbagala. Zaidi ya hapo, waliwekewa stenti na wataalamu wazoefu, na stenti ilipoziba walikuwa na mahali pa kurudi.

Mtetezi wa mionzi atasema: Ocean Road ipo. Ni kweli. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo katika majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani miaka ya 1890 na kupewa hadhi ya taasisi kwa sheria mwaka 1996, ina uzoefu wa miaka mingi wa mionzi ya ndani. Uzoefu huo umejengwa kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayojaza wodi zake. Wafizikia wapo, wauguzi wapo, na kitaalamu kumtoa mgonjwa mwenye mpira wa nyongo Muhimbili hadi Ocean Road ni mwendo mfupi. Kikwazo ni foleni. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyowahi kugunduliwa anaweza kupona kabisa, na mionzi ya ndani ni sehemu ya lazima ya kupona huko. Mgonjwa wa njia ya nyongo isiyokatika haponi, anaongezewa muda. Punje ya iridiamu hupungua nguvu kwa nusu kila siku 74, na kadiri inavyodhoofika ndivyo kila mgonjwa anavyokaa muda mrefu zaidi mezani, mpaka mpya iagizwe kutoka nje. Kobalti-60, inayodumu miaka mitano kabla ya kupungua nusu, inapunguza adha ya kuagiza lakini haimalizi foleni. Katika hali hiyo sioni haki ya kuchukua nafasi ya mwanamke wa Tandika anayeweza kupona na kumpa mtu mwingine ambaye bado hajafunguliwa hata njia. Ni hukumu ngumu, na ninaiandika nikijua kuna familia zitakazoumia kuisoma.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa madaktari wa saratani wenyewe. Mpira, wanasema, hautibu saratani. Unaondoa dalili tu, na nchi inayotumia fedha zake kwenye mabomba inajidanganya kwamba inatibu. Jibu ni kwamba bila bomba hakuna tiba inayoweza kuanza. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2010 uliowahusisha wagonjwa 410 wenye saratani za njia ya nyongo ulionyesha kwamba kuchanganya dawa mbili, jemsitabini na sisiplatini, kuliinua kipimo cha kuishi kutoka miezi 8.1 hadi 11.7. Dawa hizo hapewi mtu ambaye bilirubini yake iko juu. Ini lililoziba haliwezi kuzihimili. Kwa hiyo wiki ambazo mgonjwa anasubiri kufunguliwa njia ni wiki anazopoteza pia kwenye dawa. Anayeuita mpira huduma ya kupunguza makali tu ameangalia hospitali yenye kila kitu, ambako njia hufunguliwa ndani ya siku chache na hakuna anayeikumbuka tena.

Upande wa pili, wapo wapasuaji wanaosema tunatoboa watu ovyo, na hapa nakubaliana nao kwa sehemu. Waholanzi walichapisha mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 202 wa saratani ya kichwa cha kongosho inayoweza kukatwa. Waliopasuliwa mapema bila kufunguliwa njia kwanza walipata madhara makubwa kwa asilimia 39. Waliofunguliwa kwanza kwa kamera, kisha wakapasuliwa baada ya wiki kadhaa, asilimia 74. Mwaka 2018 Waholanzi hao hao walisimamisha kabla ya wakati utafiti mwingine, wa saratani ya makutano ya mifereji, kwa sababu vifo katika kundi la sindano ya ngozini vilizidi mno vile vya kundi la kamera. Kutoboa ini si jambo la mchezo, hata Amsterdam. Lakini tafiti zote mbili zinahusu watu wanaoelekea kupasuliwa na kuponywa, na ule wa kwanza ulikuwa na sharti ambalo ni rahisi kulipita haraka: upasuaji wa mapema ulifanyika ndani ya wiki moja. Mgonjwa wa Dar es Salaam anayepewa tarehe ya mwezi ujao hayumo katika utafiti huo. Ninachokitoa humo ni kanuni mbili. Anayeweza kukatwa apasuliwe upesi bila kutobolewa, kama tarehe iko karibu na hana homa. Na anayetobolewa afuatiliwe kwa ukaribu wote, kwa sababu hatari haiishii mezani.

Kuna pia wale wasiosema kwa sauti lakini wanafikiria hivyo: kwa nini kutumia stenti ya bei kubwa kwa mtu atakayekufa ndani ya mwaka? Mwenye swali hili hajawahi kuwashwa mwili mzima kwa wiki nane. Mwasho wa nyongo hausikii mofini wala dawa za mzio za kawaida; unasikia njia kufunguliwa, na mara nyingi ndani ya siku chache. Mtu anarudi kulala, anaanza kula, anamaliza mambo yake na watoto wake. Kuhusu bei, Afrika Mashariki ina mfano wake. Saratani ya koo la chakula, inayosumbua sana ukanda huu kutoka Bomet hadi Mbeya, ilitengenezewa mpango wa pamoja kati ya madaktari wa Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia wa kununua stenti za chuma za koo kwa bei iliyopunguzwa na mtengenezaji. Nchi moja ikiomba stenti kumi haisikilizwi. Nchi nne zikiomba kwa pamoja zinasikilizwa. Sijaona sababu kwa nini stenti ya nyongo isifuate njia hiyo, ikapita Bohari ya Dawa na kuingizwa kwenye kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023.

Lakini stenti ya bei nafuu haitoshi kama mgonjwa akiondoka nayo hakuna anayemfuata, na hili ndilo eneo ambalo vitongoji vina zaidi ya vinavyodhaniwa kuwa navyo. Temeke ina PASADA, taasisi ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye VVU, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwafuata wagonjwa nyumbani na kutoa huduma shufaa. Muuguzi aliyezoea kumwogesha mgonjwa wa kulazwa kitandani huko Keko au Yombo na kumpimia mofini hashindwi kusafisha mpira wa nyongo. Anahitaji kufundishwa siku moja, kupewa maji ya chumvi safi na mabomba ya sindano, na kuambiwa jambo moja lisilo na mjadala: homa na kutetemeka kwa mtu mwenye mpira au stenti si malaria mpaka ithibitishwe, na hata ikithibitishwa bado aende hospitali siku hiyo hiyo. Kumpa dozi ya malaria na kusubiri siku tatu ndiko kunakoua wengi ambao walishafunguliwa vizuri.

Mpangilio mzima basi hauhitaji jengo jipya. Ultrasaundi ya zahanati kubwa au kituo cha afya inatosha kuonyesha kama mifereji imepanuka, na hospitali ya mkoa inatosha kuanza vitamini K na dawa ya bakteria kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Kinachokosekana katikati ni barua ya rufaa yenye neno "njia imeziba" badala ya "manjano, chunguza zaidi", na simu ya moja kwa moja ya timu inayofungua. Hayo yakisimama, na mgonjwa aliyefunguliwa akawa anaishi miezi badala ya wiki, ndipo mionzi ya ndani itakuwa na watu wa kuwatibu: wale wenye uvimbe mwembamba wa mfereji, ambao bilirubini yao imekwisha kushuka, wasio na homa, ambao mpira wao tayari umevuka uvimbe na uko tayari kupokea kijibomba cha mashine. Wachache hao Ocean Road inaweza kuwahudumia bila kumwondoa mtu mwingine kwenye foleni, na wao watatupa takwimu zetu wenyewe badala ya kutegemea za China.

Kwa msomaji ambaye ana mtu nyumbani mwenye macho ya manjano, ushauri wangu ni mfupi. Angalia choo chake. Kinyesi kikiwa kimepauka na mkojo mweusi, mpeleke akapigwe ultrasaundi wiki hii, na achana na dawa ya kutapisha. Akiwekewa mpira au stenti, usitoke wodini bila kuandikiwa mambo matatu: ni aina gani amewekewa, tarehe ya kubadilishwa, na namba ya simu ya kupiga akishikwa na homa usiku.